Mgeni Aliyekataa Kuondoka

Hapa Wusi, mazungumzo ya jioni yakiifikia sheria ya uhamiaji, hakosi mtu wa kudai kwamba mgeni ndiye anayempokonya mwenyeji kibarua. Nami humkumbuka Makhan Singh.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya mwaka 1927. Mwaka 1935 alishika uongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, akakifungua kwa watu wa rangi zote. Nadhani hilo ndilo wakoloni hawakumsamehe. Mhindi kudai mshahara wa Mhindi, walilistahimili. Kumketisha Mwafrika kando yake, hapana.

Aliporejea kutoka India mwaka 1947, ambako Waingereza walikuwa wamemtia kizuizini, serikali ilijaribu kumfukuza kwa sheria ya uhamiaji, ikashindwa. Hakuwa amemnyima mtu kazi! Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 1950, pale Kaloleni, akadai uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa, wafanyakazi wakagoma, naye akazuiliwa zaidi ya miaka 11, Lokitaung na Maralal zikiwamo, hadi Oktoba 1961.

Nikiwatazama wakata mkonge wa Mwatate wakirudi jioni, najiuliza: kati yake na Gavana aliyetaka kumfukuza, nani hasa alikuwa mgeni?

Serikali ya uhuru haikumpa cheo. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini, akafariki mwaka 1973.