Mtakatifu Antoni Abate

Ndugu mkatekumeni, huenda umejiuliza kwa nini Wakristu huwaheshimu watakatifu, na hali tumefundishwa kuacha matambiko ya mizimu. Basi sikiliza habari za Antoni Abate, baba wa watawa. Huyu siye Antoni wa Padua, ambaye alizaliwa zaidi ya miaka 900 baadaye.

Alizaliwa Misri karibu na mwaka 251. Wazazi wake, Wakristu wenye mali, walikufa angali kijana, wakamwachia dada mdogo na mashamba ya hekta 80 hivi. Siku moja kanisani alisikia Injili ya yule tajiri aliyeagizwa na Bwana kuuza vyote. Antoni hakungoja kesho. Mashamba aliwapa wanakijiji, vyombo akaviuza, fedha akawagawia maskini. Dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu. Kisha akaenda kukaa peke yake, na baadaye akaingia jangwani, akisali, akifunga na kufanya kazi kwa mikono yake.

Mwaka 311 Kaisari Maximinus aliwadhulumu Wakristu. Antoni akashuka Aleksandria, akawahudumia waliofungwa gerezani na waliohukumiwa kufanya kazi machimboni, akawasindikiza mashahidi hata mahali pa kuuawa. Alitamani kufa pamoja nao, lakini Mungu alimhifadhi.

Wamisri wa siku zile walikuwa na desturi yao. Akifa mtu mwema, hasa shahidi wa dini, waliuvika mwili wake sanda ya kitani, lakini badala ya kuuzika waliulaza kitandani ndani ya nyumba, wakidhani kwamba ndiyo heshima. Antoni, aliyewapenda mashahidi kuliko wengi, alichukizwa na jambo hilo. Mara nyingi aliwaomba maaskofu wawafundishe watu. Manabii walizikwa, na hata mwili wa Bwana wetu uliwekwa kaburini.

Mwaka 356, akiwa na umri wa miaka 105, alijua kwamba saa yake imekaribia, akaogopa wasije wakamfanyia vivyo hivyo. Akawaagiza wanafunzi wawili waliomtunza wamzike udongoni, wala wasimwonyeshe mtu mahali hapo. Mwili wake ungengoja ufufuko. Joho lake kuukuu na ngozi moja ya kondoo aliviacha kwa Askofu Atanasi, ngozi ya pili kwa Askofu Serapioni. Wanafunzi wakatii. Maaskofu nao waliyatunza mavazi hayo kama hazina, maana kukumbuka rafiki wa Mungu si kosa.

Atanasi hakuwa na kaburi la kuwaonyesha watu. Aliandika maisha yake. Kitabu hicho kilitafsiriwa hata kwa Kikopti, lugha ya Antoni mwenyewe. Mwaka 386, mjini Milano, Augustino alisimuliwa habari hizo, akaona haya kwa kuchelewa kwake kumfuata Kristu; mwaka uliofuata alibatizwa. Mapadre Waasompsio, waliofika kwetu mwaka 1929, hufuata Kanuni ya Augustino huyo.

Sikukuu ya Antoni Abate ni tarehe 17 Januari.