Emile Berliner: Mwosha chupa aliyeipa dunia santuri

KILA mpenzi wa santuri anapoiteremsha sindano ya almasi juu ya sahani inayozunguka, huwa anafuata uamuzi uliofanywa mjini Washington, Marekani, katika mwaka wa 1887. Uamuzi wenyewe ulikuwa kwamba sindano itikisike kushoto na kulia, wala si juu na chini. Aliyeamua hivyo ni Emile Berliner, mhamiaji ambaye hakuwahi kusomea uhandisi, na ambaye miaka 13 baadaye alizuiwa na mahakama kuuza katika nchi hiyo kile alichokibuni mwenyewe.

Berliner alizaliwa Mei 20, 1851 katika mji wa Hanover, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi yenye watoto 13. Masomo yake ya shule yalikoma alipokuwa na umri wa miaka 14. Alijifunza kazi kwa mpiga chapa, kisha akawa karani katika duka la vitambaa. Mwaka wa 1870, wakati vita baina ya Prussia na Ufaransa vilipokuwa vikinukia, alivuka bahari hadi Washington kufanya kazi katika duka la rafiki wa familia yao.

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Alihamia New York, akabangaiza kwa vibarua vya kila aina, na hatimaye akapata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya mwanakemia Constantin Fahlberg, yule ambaye baadaye alikuja kusifika kwa kugundua sakarini. Mchana aliosha chupa. Usiku alijisomea fizikia na umeme katika maktaba ya umma. Huo ndio uliokuwa chuo kikuu chake.

Simu ya Alexander Graham Bell ilipotangazwa mwaka wa 1876, Berliner alitambua upesi udhaifu wake: sauti ilisikika kwa shida ikitoka mbali. Akiwa katika chumba cha kupanga, alibuni kipaza sauti kilichotegemea mguso hafifu wa vipande viwili vinavyopitisha umeme. Aprili 1877 aliwasilisha maelezo ya uvumbuzi huo kwa ofisi ya serikali. Kampuni ya Bell ilinunua haki zake na kumwajiri. Kijana aliyekuwa akiosha chupa akawa na fedha za kutosha kufanya utafiti wake bila kumtumikia mtu.

Hapo ndipo alipoigeukia sauti iliyohifadhiwa. Thomas Edison alikuwa amekwisha kuonyesha fonografu yake mwaka wa 1877. Ilikuwa silinda inayozunguka, na sindano iliyochimba mfuo wenye mabonde na vilima. Mashine hiyo ilistaajabisha, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, sindano iliyopanda na kushuka haikuweza kuachiwa ijiendee yenyewe, bali ilihitaji parafujo ya kuisogeza. Pili, na hili ndilo lililokuwa zito zaidi, silinda haikunakilika kwa urahisi. Mwimbaji aliyetaka kuuza nyimbo nyingi alilazimika kuuimba wimbo ule ule mara kwa mara hadi sauti ikauke.

Berliner alichukua njia nyingine. Alitumia sahani bapa, na mfuo wenye kina kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, unaoyumba ubavuni kwa kufuata mawimbi ya sauti. Kuta za mfuo ndizo zilizoishika sindano na kuivuta kutoka ukingoni hadi katikati bila parafujo yoyote. Alipata hatimiliki ya uvumbuzi wake Novemba 8, 1887, na Mei 16, 1888 akaionyesha gramafoni mbele ya wanachama wa Taasisi ya Franklin mjini Philadelphia.

Namna alivyorekodi inastahili kuelezwa. Alichukua sahani ya zinki, akaipaka utando mwembamba wa nta, kisha sindano iliyounganishwa na kiwambo ikaukwangua utando huo kadiri mtu alivyokuwa akiimba. Sahani ilitumbukizwa katika asidi, nayo ikala zinki pale tu nta ilipoondolewa. Kutokana na sahani hiyo alitengeneza mhuri wa chuma, na kwa mhuri mmoja akapiga chapa nakala nyingi. Si vigumu kumwona hapo yule mvulana aliyewahi kujifunza kazi kwa mpiga chapa.

Mwanzoni gramafoni ilichukuliwa kuwa kitu cha kuchezea watoto, na kwa kweli iliuzwa hivyo Ujerumani kuanzia mwaka wa 1889. Mashine ilizungushwa kwa mkono, na mkono ulipochoka, sauti ya mwimbaji nayo ilishuka. Fundi Eldridge Johnson wa Camden, New Jersey, ndiye aliyeitibu kasoro hiyo mwaka wa 1896 kwa mota ya springi. Mpira mgumu uliotumiwa kutengeneza santuri za kwanza nao uliachwa, mahali pake pakachukuliwa na mchanganyiko wa unga wa mawe na utomvu wa wadudu wa India, ule ule unaotumika katika lakiri.

Unga huo wa mawe uliwekwa kwa makusudi. Uliisaga ncha ya sindano ya chuma hadi ikaenea barabara ndani ya mfuo, na ndiyo sababu wenye gramafoni walishauriwa kubadilisha sindano kila upande wa santuri ulipokwisha. Kulikuwa na sindano nene kwa wapendao kelele na nyembamba kwa wapendao upole; baadaye zikaja hata za mianzi, zilizoihurumia santuri zaidi. Uchaguzi wa sindano ulikuwa tayari ni sehemu ya starehe yenyewe.

Biashara iliponawiri ndipo ugomvi ulipozuka. Frank Seaman, aliyekabidhiwa kazi ya kuiuza gramafoni nchini Marekani, alikosana na Berliner, akaanza kuuza mashine nyingine na kuungana na washindani wake. Mwaka wa 1900 amri ya mahakama ilimfungia Berliner mlango wa soko la Marekani. Yeye alihamishia shughuli zake Montreal, Canada. Johnson, aliyepata haki za kutumia hatimiliki zake, aliunda kampuni ya Victor mwaka wa 1901 na kuiongoza kwenye utajiri mkubwa, ilhali neno gramafoni likatoweka katika vinywa vya Wamarekani. Hadi leo wao husema fonografu, jina la mashine ya Edison, hata wanapozungumzia sahani ya Berliner.

Kwingineko mambo yalikuwa tofauti. Kampuni ya London ilikuwa imeanzishwa tangu 1897, na mwaka wa 1898 Emile na nduguye Joseph wakafungua kiwanda cha santuri mjini Hanover, chimbuko la Deutsche Grammophon. Ile picha ya mbwa Nipper akitega sikio mbele ya pembe ya gramafoni, iliyochorwa na Francis Barraud, ilisajiliwa na Berliner kuwa nembo nchini Marekani Julai 10, 1900. Ni jambo la kuchekesha kwamba mchoro wa awali ulionyesha fonografu ya silinda. Mchoraji aliifunika kwa rangi na kuweka gramafoni juu yake.

Nembo hiyo ndiyo iliyofika pwani ya Afrika Mashariki. Siti binti Saad wa Zanzibar alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 na wenzake kurekodi nyimbo za taarab kwa Kiswahili, waliomrekodi walikuwa kampuni ya mbwa huyo, na sauti yake ilichorwa katika mfuo unaoyumba ubavuni.

Mwenye kumiliki santuri za enzi hizo hana budi kuwa mwangalifu. Mfuo wake ni mpana karibu mara tatu au zaidi kuliko ule wa santuri ndefu zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1948. Sindano ya kisasa ikitiwa humo huzama hadi chini na kuokota takataka badala ya muziki. Huhitajika ncha nene, na katriji, kile kisanduku kidogo kinachobeba sindano, iliyotengenezewa kazi hiyo. Kwa santuri za kisasa, katriji nzuri yenye ncha ya almasi iliyochongwa kwa umbo la yai hukandamiza kwa gramu mbili hivi tu, ilhali kichwa cha gramafoni ya kale kilielemea kwa zaidi ya gramu 100. Na tangu santuri za stirio zilipoanza kuuzwa mwaka wa 1958, sindano hutikisika ubavuni na pia juu na chini. Edison naye alipata sehemu yake hatimaye.

Berliner hakubaki akililia soko alilonyang'anywa. Mtoto wake mchanga alipougua vibaya tumbo, alichunguza maziwa yaliyouzwa Washington, na kwa miaka mingi akatumia fedha zake kuwahimiza akina mama wayachemshe. Mwaka wa 1908 alianzisha ufadhili wa utafiti kwa wanawake wanasayansi, akaupa jina la mama yake. Pamoja na mwanawe Henry alitengeneza helikopta zilizoinuka ardhini katika miaka ya 1920, na uzeeni akabuni vigae vya kupunguza mwangwi kumbini.

Alifariki Agosti 3, 1929 mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa ameiachia familia maagizo kwamba mazishi yake yasiwe ya gharama, na kwamba fedha kiasi wapewe akina mama maskini wenye watoto wachanga. Alizikwa katika makaburi ya Rock Creek.