Louis Pasteur: Mtoto wa fundi ngozi aliyeokoa mvinyo usigeuke siki

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Veyula anajua uchungu wa msimu mbaya. Zabibu zikiiva hazisubiri mnunuzi. Ndiyo maana, baada ya kiwanda cha serikali cha DOWICO kuzorota miaka ya 1990, baadhi ya wakulima wa Dodoma waliona njia ya kujikomboa ni kukamua zabibu wenyewe na kuuza mvinyo badala ya tunda. Lakini wengi waliojaribu wamekutana na adui mmoja: pipa lililokuwa likichacha vizuri linafunguliwa baada ya miezi kadhaa na ndani yake kuna siki.

Mtu wa kwanza kueleza kwa ushahidi kwa nini jambo hilo hutokea, na namna ya kulizuia, alikuwa Mfaransa Louis Pasteur. Wengi tunamfahamu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wachache wanajua kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu matatizo ya wakulima na wenye viwanda vidogo vya pombe.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari mstaafu aliyejipatia riziki kwa kutengeneza ngozi. Familia ilihamia Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, na huko ndiko kijana Louis alikokulia. Shuleni hakuonekana kuwa mwanafunzi wa ajabu. Kipaji chake cha mwanzo kilikuwa kuchora picha za watu. Hata hivyo alikuwa na bidii, akafika Paris na kupata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1847.

Mwaka 1854 aliteuliwa kuongoza kitivo cha sayansi mjini Lille, eneo lenye viwanda vingi. Miaka miwili baadaye alifuatwa na Bwana Bigo, baba wa mwanafunzi wake, aliyekuwa na kiwanda cha kutengeneza spiriti kutokana na viazisukari. Baadhi ya matangi yake yalikuwa yanaharibika, yanakuwa machachu na kutoa harufu mbaya, naye alikuwa anapata hasara kubwa.

Pasteur hakutuma barua ya ushauri. Alikwenda kiwandani, akachota sampuli kutoka matangi mazuri na mabaya, akaziweka chini ya hadubini. Katika tangi zuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika tangi baya aliona vijidudu vingine, vyembamba kama vijiti. Wakati huo wanasayansi wakubwa wa Ulaya waliamini kuchacha ni kuoza tu kwa kemikali. Yeye alionyesha kuwa ni kazi ya viumbe hai: hamira hula sukari na kutoa kilevi, na vijidudu vingine vikiingia huharibu kazi hiyo.

Mwaka 1863 mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, alimtaka achunguze magonjwa ya mvinyo. Mvinyo wa Ufaransa uliokuwa ukiuzwa nje ulikuwa ukiharibika njiani, na sifa ya nchi ilikuwa hatarini. Pasteur alirudi Arbois alikokulia na kufungua maabara katika chumba kilichokuwa mgahawa. Vyombo vyake vilitengenezwa na seremala, fundi bati na mhunzi wa pale mjini.

Humo aligundua kuwa kila ugonjwa wa mvinyo una kijidudu chake. Kile kinachougeuza kuwa siki huhitaji hewa, ndiyo maana pipa lisilojaa huharibika haraka. Dawa aliyoipata ilikuwa rahisi: kuupasha mvinyo moto wa nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi kwa muda mfupi bila kuuacha ukutane na hewa. Joto hilo huua vijidudu bila kuuchemsha mvinyo.

Wafanyabiashara walitilia shaka, wakidai ladha itapotea. Jeshi la wanamaji likakubali kufanya jaribio. Lita 500 za mvinyo zilipakiwa katika meli ya Jean Bart, nusu ikiwa imepashwa moto na nusu haikupashwa. Baada ya miezi kumi, ule uliopashwa ulikuwa mzuri na ule mwingine ulikuwa umeanza kuchachuka. Njia hiyo alikuwa ameiwekea hataza mwaka 1865, lakini baadaye akaiachia umma uitumie bure. Leo ndiyo inayotumika katika maziwa ya pakiti tunayokunywa.

Mafanikio hayo hayakuja katika maisha ya raha. Binti yake mkubwa, Jeanne, alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1859. Mwaka 1865 alimzika baba yake na binti mwingine, na mwaka 1866 akamzika wa tatu. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, alipatwa na kiharusi kilichomdhoofisha upande wa kushoto hadi mwisho wa maisha. Kazi nyingi tunazomsifia alizifanya baada ya hapo, huku mkewe Marie akimwandikia na kumtunzia kumbukumbu.

Mwaka 1871 alitembelea kiwanda cha bia cha Whitbread mjini London. Alipoitazama hamira yao kwa hadubini aliwaambia ina uchafu. Haikuchukua muda wenye kiwanda wakanunua hadubini yao.

Mwaka 1878 alifanya jaribio ambalo mkulima wa zabibu analielewa haraka. Katika shamba lake dogo karibu na Arbois alifunika baadhi ya mizabibu kwa vibanda vya vioo kabla matunda hayajaiva. Zabibu zilizofunikwa zilipokamuliwa, maji yake hayakuchacha. Hivyo alithibitisha kuwa hamira haizaliwi ndani ya tunda. Hutua juu ya ganda kutoka nje.

Baada ya hapo aligeukia mifugo. Mwaka 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, kondoo aliowachanja dhidi ya kimeta walibaki hai mbele ya umati, na wasiochanjwa wakafa. Hakuwa malaika: daftari zake zilizosomwa baadaye zinaonyesha hakusema wazi kuwa chanjo ya siku ile ilitayarishwa kwa njia ya msaidizi wake. Mwaka 1885 alimtibu mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Paris mwaka 1888. Alifariki Septemba 28, 1895 na kuzikwa humo.

Mjasiriamali mdogo wa Dodoma anajifunza nini? Kwanza, usafi wa ndoo, mipira na mapipa si urembo, ni mtaji. Pili, uchachu ukiisha, jaza chombo hadi juu na ukifunge, maana nafasi tupu ni nyumba ya siki. Tatu, usitegemee bahati ya hamira iliyoko kwenye ganda. Hamira ya mvinyo inayonunuliwa hukupa ladha ile ile kila msimu. Nne, weka kumbukumbu ya kila pipa. Kanuni ni hizo hizo kwa anayetumia zabibu, nanasi, choya au tufaa.

Kabla ya kuuza, pitia SIDO kwa mafunzo, TBS kwa ubora na halmashauri kwa leseni. Na pipa moja likiharibika, usilimwage kwa hasira. Chota kidogo, upeleke kwa wataalamu wa utafiti wa zabibu Makutupora wakuambie kilichoingia. Bwana Bigo hakuficha tangi lake bovu, na hapo ndipo suluhisho lilipoanzia.