Paul Panda Farnana: Mukongomani mwenye kuvuka bahari juu ya kusoma kilimo cha kwao

Wale wenye wamekwisha kufika Lwiro ao Mulungu, kule Kabare, wanajua namna mashamba ya watafiti yako: kila muti na jina lake, kila kipande cha udongo na kazi yake. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Mukongomani mumoja aliingia katika bustani ya namna hiyo, lakini mbali sana, kandokando ya Paris. Jina lake ni Paul Panda Farnana.

Alizaliwa mwaka 1888 kijijini Nzemba, upande wa Moanda, karibu na pale muto Kongo unaingia baharini. Mwaka 1900, akingali mutoto, afisa mumoja Mubelgiji alimupeleka Ubelgiji. Dada ya afisa huyo, Louise Derscheid, ndiye alimulea na kumusomesha. Alijifunza kazi ya bustani na kilimo huko Vilvoorde, akamaliza mwaka 1907.

Kisha akaenda Nogent-sur-Marne, Ufaransa, kwenye shule kubwa ya kilimo cha inchi za joto. Katika bustani ya pale, ndani ya nyumba za vioo, Wafaransa walikuwa wanaotesha miche ya makoloni yao, sawa vile kahawa na kakao. Lakini bustani ile ilikuwa na jambo lingine. Katika mwaka 1907, watu wa Afrika na Asia waliwekwa humo katika vijiji vya kujengwa, ili wazungu wapite kuwatazama. Mwaka 1908, Panda aliingia pale kama mwanafunzi, na akatoka na cheti.

Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimupa kazi ya kilimo, na akatumika katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na Mbandaka ya leo. Vita ya 1914 ilimukuta Ubelgiji. Akajitolea kupigana, akakamatwa Namur, na Wadachi wakamushika mufungwa mupaka vita ikaisha.

Kutoka pale hakunyamaza tena. Mwaka 1919 alianzisha chama cha Union Congolaise huko Brussels. Mwaka 1921 alishiriki mukutano wa Waafrika na wazao wao uliofanyika katika muji ule. Aliomba Wakongomani wapewe masomo ya kweli na nafasi ya kusema juu ya utawala wa inchi yao. Magazeti ya wakoloni yalimuandika vibaya.

Mwaka 1929 alirudi Nzemba. Akafungua shule na kinu cha mafuta ya ngazi. Mwaka uliofuata akafariki, hata miaka 43 hakuifikisha. Chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kilifunguliwa tu mwaka 1954.

Leo kijana wa Kabare anaweza kusomea kilimo Bukavu, na jioni akarudi kulala kwao. Kwa Panda, njia ya kupata cheti hicho ilipita baharini.