Zemurray na Ndizi Zilizokuwa Zinatupwa

Ndugu wana-Rungwe, nani kati yetu hajaona lori la ndizi limekwama njiani kwenda Dar es Salaam, mzigo unaiva huku dereva anahangaika? Harambee ya mwaka huu ni ya banda la kukusanyia ndizi, na kamati imeniomba niandike habari za mtu aliyetajirika kwa zao hilihili.

Samuel Zemurray alizaliwa mwaka 1877 katika familia ya Kiyahudi huko Kishinev, wakati huo chini ya Dola ya Urusi, leo mji mkuu wa Moldova. Akiwa kijana mdogo alihamia Selma, Alabama, Marekani. Mwaka 1895 alifika bandari ya Mobile akaona meli zikishusha ndizi. Za kijani zilisafirishwa mbali. Zilizoanza kuiva zilitengwa, kwa kuwa zingeoza kabla ya kufika. Wakubwa waliziandika hasara. Yeye alizinunua kwa bei ya chee, mtaji wake dola 150, akazipakia kwenye treni na kuwauzia wenye maduka katika stesheni za njiani.

Mwaka 1910 alinunua ekari 5,000 kando ya mto Cuyamel, nchini Honduras. Hapo ndipo habari inapochafuka. Serikali ya Rais Miguel Dávila ilikuwa inajadili mkopo na mabenki ya Marekani ambao ungeweka forodha mikononi mwa wageni, na Zemurray angekosa misamaha ya ushuru. Akamgharimia rais wa zamani, Manuel Bonilla, meli, bunduki na askari wa kukodiwa. Dávila aliondoka madarakani mwaka 1911. Bonilla akawa rais tena mwaka 1912, na Zemurray akapewa ardhi na misamaha aliyoitaka. Wakulima wa Honduras hawakuulizwa.

Mwaka 1929 aliuza kampuni yake kwa United Fruit, akalipwa hisa za takriban dola milioni 31. Hisa hizo ziliposhuka vibaya, alikusanya kura za wanahisa wenzake, akawaondoa wakubwa wa Boston na kushika usukani mwenyewe.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo kinachonikaa kichwani zaidi ni Guatemala. Mwaka 1952 serikali yake ilianza kutwaa mashamba makubwa yasiyolimwa, na fidia ikawa ile thamani ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imetangaza kwenye hesabu za kodi. Kampuni ikalalamika kuwa ni ndogo mno! Mwaka 1954 serikali hiyo ilipinduliwa kwa mkono wa CIA. Zemurray alikuwa amekwisha kustaafu.

Alitoa fedha nyingi kwa Chuo Kikuu cha Tulane, na chini yake kampuni ilianzisha chuo cha kilimo cha Zamorano, Honduras, ambacho bado kinafundisha vijana. Alifariki New Orleans mwaka 1961.

Banda letu litakuwa na mizani, na daftari ambamo bei ya kila mkungu itaandikwa mkulima akiwa amesimama pale pale.