Geoffrey Griffin, Mlezi wa Vijana
Marehemu Geoffrey William Griffin alizaliwa Eldoret mwaka wa 1933. Wakati wa vita vya Mau Mau aliwasimamia vijana waliozuiliwa Manyani na Wamumu, ambao serikali ya kikoloni iliwaona kuwa hatari. Aliwapa masomo, ufundi na madaraka. Mwaka wa 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Starehe, Nairobi, katika vibanda viwili vya mabati. Huko wavulana maskini walijiongoza kupitia viranja wao, na barazani walitoa malalamiko bila hofu. Mwaka wa 1964 hadi 1988 aliongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, yenye chuo chake Gilgil, Nakuru. Alifariki mwaka wa 2005, akiwa amethibitisha kwamba ari ya masomo huchipuka kijana anapoaminiwa.