Mama Bethune na Shule ya Dola Moja na Nusu

Mwezi huu tunawaletea maisha ya mama mmoja Mkristo wa Marekani, Mary McLeod Bethune.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, South Carolina, mtoto wa 15 kati ya 17. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Siku moja alifuatana na mama yake kwenye nyumba ya Wazungu, akashika kitabu. Mtoto wa nyumba ile akamwamuru akiweke chini, kwa kuwa mtu mweusi hajui kusoma. Neno hilo lilimchoma moyo. Baadaye misheni ya Presbiteri ilifungua shule ya watoto weusi, naye akawa anatembea kilomita zipatazo 8 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Fundi cherehani mmoja wa mbali, huko Colorado, ambaye hakuwahi kumwona, alitoa akiba yake kumlipia masomo ya mbele.

Mwaka 1894 aliingia chuo cha Biblia cha Moody, Chicago. Nia yake ilikuwa kuja Afrika kuhubiri Injili. Bodi ya misheni ikamjibu kwamba Afrika hakuna nafasi kwa wamisionari weusi! (Nilipolisoma hili chuoni nilirudia ukurasa mara mbili.) Mama mwenyewe alisema hakupata huzuni kubwa kuliko hiyo.

Akabaki kwao, ambako sheria za majimbo ya kusini zilitenga watoto kwa rangi, na shule za Weusi zilipewa makombo. Tarehe 3 Oktoba 1904, huko Daytona, Florida, alifungua shule akiwa na dola 1.50, wasichana 5 na mwanawe Albert. Masanduku yalikuwa viti, vijiti vilivyoungua vikawa kalamu, na wino ulikamuliwa katika matunda ya porini. Sisi tuliofundisha watoto chini ya turubai tunaijua shule ya namna hiyo. Aliuza mikate ya viazi vitamu, akanunua jalala la mji kwa malipo ya kidogo kidogo, akajenga.

Mwaka 1920 alipowahimiza Weusi kupiga kura, watu wa Ku Klux Klan walikuja usiku hadi shuleni kumtisha. Hakukimbia. Kesho yake alikwenda kupiga kura pamoja na wenzake.

Mwaka 1923 shule yake iliungana na ya Cookman, ikawa chuo. Rais Roosevelt alimpa kazi serikalini, na kwa mkono wake vijana weusi wengi walipata msaada wa kusoma.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mama Bethune alikuwa hai, akasikia. Alifariki tarehe 18 Mei 1955, akiwa na miaka 79, akazikwa kwenye uwanja wa chuo chake, ambacho kinafundisha hadi leo.